Alama ya Gego

Jirani yangu Milembe anasema Jumatano mchana mume wake, ambaye tulimzika mwezi wa tatu, alimpigia simu wakati yeye anapepeta mchele uani, na safari hii hakuuliza mtoto amekula nini. Anasema Sayi alikaa kimya kwanza. Akavuta pumzi, akaitoa. Akalinyonya lile gego lake bovu la upande wa kushoto, kama alivyokuwa akifanya enzi za uhai wake kila alipotaka kusema jambo zito. Halafu akasema: Mama Nshoma, nakuomba uende kwa kaka yangu. Shigela akurithi, wewe na mtoto. Nitapumzika nikijua mko mikononi mwa damu yangu. Akalia kidogo, anasema Milembe, kile kilio cha mwanamume anayejizuia. Kisha simu ikakatika, na Milembe alipoangalia chini, ungo ulikuwa umemwagika na kuku wanadonoa.

"Wanakula mchele wangu nami nawatazama tu," aliniambia. "Sikuweza hata kusema ishi."

Alinisimulia Alhamisi asubuhi, kila mmoja yuko upande wake wa ukuta unaogawa nyua zetu. Mimi nilikuwa nasuuza koti langu la kazi. Nyuma ya nyumba treni isiyo na dereva ilikuwa inaingia stesheni, na kama kawaida tulisubiri ipite ndipo tuendelee.

"Labda ni mtambo tu, Mama Nshoma," nikasema.

Akanitazama kama nimemtukana. "Mtambo umejuaje gego? Sauti yake hao Nyumba ya Mwangwi wameitoa kwenye redio ya winchi, miaka yote aliyokuwa anapakua makontena. Kwenye redio hakuwahi kunyonya gego hata siku moja, angewezaje na wakubwa wanamsikiliza? Lile gego alikuwa nalo humu ndani tu. Mimi nalijua, mtoto analijua, na wewe unalijua kwa sababu ukuta wetu mwembamba. Nani mwingine?"

Akainamia ukuta akanifanyia. Akanyonya gego, sauti fupi, yenye majimaji, na mwishoni mdomo ukajifunga kwa mkato mdogo.

Sayi mwenyewe hakuwa akifunga mdomo mwishoni. Aliuacha wazi, ile sauti ikapotea yenyewe. Ule mkato ni wangu. Niliuweka kwa sababu bila huo ilisikika kama mtu anayekusonya. Na sasa mke wake, aliyelala naye kitanda kimoja, alikuwa ananiigizia gego nililolitengeneza mimi, na lile la mumewe limeshamtoka kichwani.

"Shigela alipokuja kusema mwenyewe nilimwondoa," alisema Milembe. "Unakumbuka. Alikuja na jogoo chini ya kwapa, anaongea huku macho yapo kwenye kifua changu. Nikamwambia arudi na jogoo wake. Lakini huyu ni Sayi. Sayi akiniomba, nitakataa kwa mdomo gani?"

"Kwani unataka kwenda?"

"Nimekwambia nataka?" Aliuchukua ungo akaukung'uta kwa nguvu ingawa haukuwa na kitu. "Jumapili ukoo unakaa hapa kwangu. Nimewaambia namtaka aseme tena, simu iwe mezani, wote wasikie. Akisema tena, nakwenda. Kwa Shigela kuna mke mwingine na chumba kimoja, lakini nakwenda."

Nilisuuza koti mara ya tatu. Halikuwa chafu.

*

Mtaani wanajua napiga deki Nyumba ya Mwangwi. Sijawahi kusema hivyo. Mtu akijua umeishia darasa la saba, na anakuona unaingia jengo la vioo asubuhi na koti la bluu, anakubebesha ndoo mwenyewe kichwani mwake. Nami nikaiacha ndoo, kwa kuwa siku ya kuajiriwa tuliapishwa tusiseme tunachofanya.

Tunaweka pumzi.

Mtambo una sauti ya marehemu na unajua maneno aliyoyapenda. Mtu wa familia akizungumza, maneno yake yanatokea kwenye kioo yameandikwa, mtambo unatunga jibu, na jibu linasimama kidogo kwenye kihariri cha mmoja wetu, programu ya kurekebishia maandishi, kabla ya kwenda. Hapo ndipo penye kazi yetu. Jibu likienda lilivyo, marehemu anasikika kama mtu anayetangaza treni. Maneno yote yapo, mtu hayupo. Sisi tunapachika alama kati ya maneno: hii ya kuvuta pumzi, hii ya kumeza mate, hii ya sauti kukatika, hii ya kicheko kinachoanzia puani. Mtambo ukifika kwenye alama hauisomi, unaifanya.

Shida ni kwamba alama hizo hazipo kwenye kibodi. Kibodi ina herufi na namba, basi. Nilipoanza, ukitaka pumzi moja ulifungua ghala la alama, ukashuka mistari na mistari ya vijidudu vinavyofanana, ukachagua, ukafunga ghala. Mpaka umalize, mjane ameshasema halo, halo, upo? Kwa hiyo kila mtu aliweka pumzi mbili tatu akaachia, na wateja wengi walisikiliza mwezi mmoja wakaacha.

Mimi nilikuwa namwangalia Pendael, anayekaa meza ya jirani. Pendael anaandika haraka na anaandika vibaya, na kila akikosea herufi, kihariri kinamsahihishia chenyewe. Nikawaza: kama kinaweza kugeuza kosa lake kuwa neno zima, kinashindwaje kugeuza herufi zangu mbili kuwa alama? Wakati wenzangu wanakunywa chai nilikuwa napekua mipangilio ya kihariri, ukurasa kwa ukurasa, mpaka nikapakuta mahali penyewe. Kushoto unaandika utakachobonyeza. Kulia unabandika kitakachotokea. Nilichagua nukta mkato iwe mlango, kwa sababu mtambo hauitumii kamwe katika majibu yake, kwa hiyo alama haiwezi kujitokeza bila kuitwa. Nukta mkato na p, pumzi inaingia. Nukta mkato na m, anameza mate. Nukta mkato na k, kilio kinachozuiwa.

Nikawa naweka pumzi bila kuinua macho. Madam Koku, msimamizi wetu, alisimama nyuma yangu asubuhi moja nzima akisikiliza, akanipigia makofi mbele ya wenzangu, na wiki iliyofuata mpangilio wangu ukawa kwenye kila meza. Wateja waliokuwa wameacha walirudi. Walirudi wanalia, wanasema mmeboresha mtandao.

Alama ya gego haikuwepo. Nilipopewa familia ya Sayi sikusema kwamba ni majirani zangu. Nilimsikia anamsalimia Milembe kwa ile sauti ya winchi, makontena mawili kulia, namna hiyo, nikamwonea huruma mwanamke wa watu. Nikaunganisha alama tatu, ya ulimi, ya mate na ya mdomo kufunga, nikazipa nukta mkato na g. Siku niliyoiweka mara ya kwanza, maneno ya Milembe yalitokea kwenye kioo changu: Sayi. Ni wewe. Nilifurahi. Nilikwenda kula wali nikiwa na furaha kama mtu aliyejaliwa mtoto.

Alhamisi hiyo nilimngoja Pendael amalize familia aliyokuwa nayo, nikamsogelea.

"Jana nani alikaa kwa Sayi wa winchi?"

"Mimi. Si wewe ulikwenda kliniki?" Alikuwa anatafuna karanga. "Vipi, nimeweka pumzi vibaya, mwalimu?"

"Yale maneno yametoka kwa mtambo?"

"Bibie, mtambo utayajulia wapi mambo ya kurithi wake za watu? Lile ni neno la mteja. Shemeji mtu alikuja mwenyewe, akakaa hapo." Akanionyesha kiti kilichokuwa katikati yetu. "Ana mayai ya kuchemsha mfukoni. Anamenya, anakula, anasema weka kilio. Naweka. Anasikiliza. Anasema hapana, kisogeze, kije kabla ya jina la mtoto. Nasogeza. Anasikiliza tena, anatikisa kichwa hivi, kama mtu anayeonja mchuzi. Nikamwambia mzee, huyo anayelia ni mdogo wako. Akasema najua, ongeza kidogo."

Alicheka. Pendael anacheka kila kitu, hata msiba wake mwenyewe atacheka.

"Na gego alitaka yeye?"

"Gego nilimpa bure. Herufi moja tu, nikaona nisimnyime mzee. Limekaa vizuri, eeh?"

Niliketi kwenye kile kiti nikachukua hedifoni nisikilize. Kwenye sifongo ya upande wa kulia kulikuwa na punje ya kiini cha yai, imekauka, imeshikana na unywele. Niliitazama. Kisha nikaziweka hedifoni chini, nikaenda chooni, nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko, nikarudi, nikanusa vidole, nikaenda kunawa tena.

*

Ijumaa Shigela alirudi. Madam Koku alimleta kwenye meza yangu yeye mwenyewe.

"Huyu ndiye fundi wetu," alimwambia. "Juzi ulipewa mwanafunzi wake." Kisha akaniambia mimi: "Mzee ana neno la Jumapili saa kumi. Litasikilizwa na ukoo mzima, kwa hiyo litulie."

Shigela hakunitambua. Nimewahi kumpa kiti uani kwa Milembe, na maji ya kunywa, lakini alinitazama kama anavyotazamwa mtu wa kwenye dirisha la tiketi. Ni mnene, ana shati safi, na kucha za vidole gumba ameziacha ndefu. Akaketi. Goti lake likagusa langu. Nikasogeza langu, lake likafuata.

"Andika, binti. Shigela, kaka yangu, nakukabidhi mke wangu."

Nikaandika.

"Milembe, usimnyime kaka yangu kitu ulichokuwa unanipa mimi." Alinichungulia usoni aone nimelipokeaje. "Liweke hivyo hivyo. Yeye ataelewa. Wazee pia wataelewa."

Nikaandika. Vidole vilikuwa vinakwenda kana kwamba si vyangu, na nilikuwa navitazama kama unavyomtazama mdudu anayepanda sahani.

"Ng'ombe za mahari zilitoka zizi la baba yetu, kwa hiyo mali haijatoka nje ya ukoo. Weka hilo. Halafu mtoto. Nshoma, mwite baba mkubwa baba. Hapo weka kilio."

Sikuweka. Niliandika maneno yote aliyosema, moja baada ya jingine, bila alama hata moja, nikabonyeza kusikiliza. Sauti ya Sayi ikasoma kutoka mwanzo hadi mwisho, imenyooka, kama inaagiza makontena.

Shigela akavua hedifoni. "Nini hii? Huyu si mdogo wangu. Huyu anasoma taarifa ya habari."

"Hayo ndiyo maneno yako, mzee."

"Maneno ninayo hata nyumbani. Nimekuja hapa kutafuta pumzi." Akageuka kwenye kiti. "Madam!"

Madam Koku alikuja bila haraka. Huwa hana haraka, wala hapandishi sauti. Mama yangu alipolazwa alinipa ruhusa na nauli, sitasema uongo juu yake. Alisikiliza mistari miwili, akamwomba Shigela akanywe chai ukumbini, akakaa kwenye kile kiti kikiwa bado kina joto lake.

"Una nini, Minza?"

"Huyu mama hataki kwenda kwake, Madam. Alishamkatalia uso kwa uso. Ndiyo maana anakuja kuazima mdomo wa marehemu."

"Umejuaje?"

Sikusema ni jirani yangu. "Inaonekana."

"Anayelipia sauti ndiye mwenye sauti. Ndivyo mkataba unavyosema, na mkataba sikuuandika mimi." Alikuwa ananiangalia kwa upole kabisa. "Tangu mwezi wa nne huyo mama anaagwa kila usiku na mume wake. Mtoto anaimbiwa. Unadhani analipia nani? Huyo huyo mla mayai. Ukitaka nimkatie Shigela, nitamkatia leo, na leo hiyo hiyo Sayi atanyamaza. Utakwenda wewe kumweleza mtoto?"

Niliifuta kibodi kwa mkono wa koti langu.

"Ukikataa, ataandika Pendael, na atatumia mpangilio wako. Ukiufuta, ninazo nakala. Nakwambia ili usijisumbue." Akainuka. "Ukifanya wewe, angalau litakuwa na heshima. Pendael ataweka kilio kila mahali kama mtu anayenyunyiza pilipili."

"Niachie mpaka Jumapili," nikasema. "Nilitulize."

"Chukua muda wako. Lako sitalikagua. Ukiwa tayari, liachie mwenyewe saa kumi."

Alipoondoka nilibaki natazama kioo. Mshale ulikuwa unapepesa mwishoni mwa neno baba. Nilijaribu kuona kama nitaweza. Nikaweka pumzi moja mbele ya jina la Milembe, moja tu, nikasikiliza. Akawa Sayi. Mara moja, kwa herufi mbili, akawa Sayi anayemkabidhi mkewe kwa mtu mwenye yai mdomoni. Nilitapika kwenye kikapu cha karatasi. Pendael akaniuliza kama nina mimba, na ni ya nani kati ya marehemu zetu.

*

Jumamosi mchana nilipitia mlango wa mbele wa Milembe badala ya ukutani, na hapo akajua kuna jambo. Alikuwa jikoni anakatakata michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa ajili ya wageni wa kesho. Nshoma alikuwa amelala mkekani, ameshika simu ya mama yake kifuani, kama watoto wengine wanavyolala na mwanasesere.

"Mtoe mtoto, Mama Nshoma."

"Kalala huyo. Sema."

Nikasema. Nilisema yote kwa mpangilio, sikuficha na sikupamba: jengo, kihariri, alama, nukta mkato, gego. Nikasema lile neno la Jumatano ni la Shigela. Nikasema la kesho ni la Shigela pia, na nikamwambia lina nini ndani yake. Milembe aliendelea kukata michembe mpaka nilipofika kwenye gego. Hapo kisu kikasimama.

"Wewe si unapiga deki?"

"Sipigi deki."

"Unanidanganya. Shigela ana wapinzani wake, wamekutuma."

"Mtoto alipokuwa na homa," nikasema, "Sayi alikwambia umpake maji ya ndimu nyayoni. Ukamwuliza amejuaje, maana alipokuwa hai hakujua hata khanga ya mtoto iko wapi. Akacheka kupitia puani. Akasema huku tuliko tunajifunza."

Milembe alikisukuma kipande cha michembe kwa ncha ya kisu.

"Yale ya ndimu niliyaongeza mimi. Mtambo uliandika mpeleke hospitali, na wewe ulikuwa umeshampeleka. Nilikuwa namsikia mtoto analia ng'ambo ya ukuta."

Aliweka kisu chini taratibu. Niliona anarudi nyuma kichwani mwake, usiku mmoja hadi mwingine, anafungua milango, na kila chumba ananikuta nimekaa.

"Ninayomwambia," akasema. "Ninayomwambia mimi, usiku. Unayasikia?"

"Yanakuja yameandikwa."

"Unayasoma."

"Lazima niyasome ndipo nijue pumzi ipi iwekwe."

"Ile siku niliyomwambia..." Aliacha. Alichukua ncha ya khanga akajifuta sikio, la kulia, lile la simu. Akalifuta tena, akaingiza kidole ndani ya kitambaa akasugua, kama mtu aliyeingiwa na maji machafu. "Na asubuhi yake ukaniomba chumvi ukutani. Nikakupa. Ukasema asante Mama Nshoma, umeamkaje."

"Ndiyo."

"Umeamkaje."

Alitoka nje. Nilimsikia anatema mate, anasukutua, anatema tena. Nilibaki jikoni na mtoto aliyelala. Sikujua kama niondoke. Kuondoka kulionekana uchafu, na kukaa pia. Nilichukua kisu nikamalizia michembe iliyobaki kwa sababu mikono ilitaka kazi, kisha nikaona kwamba atakuja kuila, nikakiacha.

Aliporudi uso wake ulikuwa na maji. Hakuketi karibu nami. Aliegemea fremu ya mlango, mwanga ukiwa nyuma yake.

"Alikufa lini?" akauliza.

"Mama Nshoma..."

"Nijibu. Mwezi wa tatu, au leo?"

"Mwezi wa tatu."

"Basi nimemlilia mara moja, itabidi nianze ya pili, na wageni wanakuja kesho." Alitikisa kichwa. "Nikiwaambia wazee ni mtambo, watasema mjane amepata mwanamume, anatafuta njia. Ukiwaambia wewe, watasema mpiga deki ana wivu. Shigela atacheka. Si atacheka?"

"Atacheka."

"Hakuna watakayemsikiliza zaidi ya Sayi."

Nilijua anapoelekea kabla hajafika. Nadhani nililiona jambo hilo tangu Ijumaa, Madam aliposema lako sitalikagua, ila nilipita pembeni yake kama unavyopita pembeni ya mzoga barabarani, umeziba pua na hutazami.

"Kesho nani anaandika?" akauliza.

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Alimtazama mtoto, akaitazama simu. Aliposema tena hakunitazama mimi. Alisema na ukuta wa jikoni, kwa sauti ya mtu anayeomba msaada wa kushikiwa kitu kinachonuka.

"Mwandike akatae. Saa kumi, wote wakiwa wamekaa. Aseme, Shigela, mwache mke wangu, huyo si ng'ombe. Aseme kwa jina. Umtie hasira, unajua anavyokasirika, umemsikia humu ndani miaka yote."

"Hayo yatakuwa yangu, Mama Nshoma. Hayatakuwa yake. Itakuwa ni kile kile alichofanya Shigela."

"Najua ni kile kile. Unadhani kwa nini nimekwenda kusukutua?" Akajifuta mdomo. "Halafu akimaliza kusema, amuage mtoto. Vizuri. Polepole. Asiwe na haraka. Baada ya hapo usimwandike tena, wala mwenzako asimwandike. Ukiniona ukutani usiniombe chumvi."

Mtoto aligeuka mkekani. Nilitazama chini ili nisimtazame mtu, na nikaiona mikono yangu imekaa mapajani. Kidole kidogo cha kulia kilikuwa kinagonga nguo, halafu kingine, halafu kile kidogo tena. Nilielewa kwamba vidole vilishaanza. Shigela, kisha pumzi. Mwache, kisha ameze mate. Vilikuwa vinalipanga neno na lilikuwa linakaa vizuri, vizuri kuliko lolote nililowahi kuandika. Niliikalia mikono.

"Utamwandika?" akauliza Milembe.

Treni ilikuwa inaingia stesheni, ndefu, makontena tupu. Tulisubiri ipite. Ikapita. Alikuwa bado mlangoni, bado ananingoja.